Programu mbili zisipoelewana: njia nne za kuwafuata watengenezaji, na ipi ikufae

Mashine ya mauzo ilipokea malipo ya simu vizuri hadi Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi imegoma. Mteja amesimama na simu mkononi, keshia anabonyeza kitufe kile kile mara ya tatu, na kwenye kioo unarudi ujumbe ule ule kwamba muunganisho salama umeshindikana. Ukiwapigia waliotengeneza mfumo wa mauzo, watakuambia programu yao haijaguswa tangu mwaka jana, kwa hiyo waulize watu wa malipo. Ukiwapigia watu wa malipo, watakuambia maduka mengine yote yanalipwa bila shida, kwa hiyo angalia mfumo wako. Wote wawili wanasema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo.

Kilichotokea katika mfano huu ni cha kawaida sana. Kampuni ya malipo imefunga TLS 1.0 na 1.1, matoleo ya zamani ya usimbaji unaolinda mawasiliano ya mtandaoni. Ilikuwa na haki kufanya hivyo: viwango vya usalama wa kadi, PCI DSS, viliweka 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutegemea TLS ya mwanzo, na Machi 2021 waraka wa viwango vya intaneti, RFC 8996, ukayastaafisha rasmi matoleo yote mawili. Mfumo wa mauzo nao uliandikwa kwa .NET (jukwaa la Microsoft la kuandikia programu) ya enzi ya 4.5, juu ya Windows 7, ambayo inaiweza TLS 1.2 lakini haiitumii mpaka iambiwe. Mmoja amesogea, mwingine amebaki alipo, na anayekosa mauzo ni wewe.

Nitautumia mfano huu kupima njia nne za kuwafikia watengenezaji. Ninazipima kwa maswali matatu: nani analazimika kubadilisha kitu, suluhisho linakuja upesi kiasi gani, na miaka miwili baadaye mzigo utakuwa umebaki kwa nani. Swali la tatu ndilo watu hulisahau, na kwangu lina uzito kuliko mengine yote.

Kwanza, ushahidi

Hakuna njia hata moja itakayofanya kazi ukienda mikono mitupu. "Malipo hayapiti" ni malalamiko, na fundi wa zamu akiyasoma atakutumia orodha yake ya siku zote: zima uwashe, angalia intaneti, futa kashe. Anachokihitaji ni mahali hasa ambapo mazungumzo ya mifumo miwili yanakatika.

Kwa mfano wetu, kazi hiyo ni ya muda mfupi. Weka Wireshark, programu inayorekodi mawasiliano ya mtandao, kwenye kompyuta ya keshia, anza kurekodi, jaribu malipo moja, simamisha. Tafuta pakiti iitwayo Client Hello, ile ya kwanza ambayo mashine yako inaituma kuomba muunganisho salama. Ndani yake kuna namba ya toleo: 0x0301, yaani TLS 1.0. Jibu la seva ni onyo namba 70, la kukataa toleo hilo, kisha muunganisho unafungwa. Ingekuwa TLS 1.2 ungeona 0x0303. Baada ya hapo fungua anwani ile ile ya malipo kwa Firefox, kwenye kompyuta ile ile. Firefox ina maktaba yake yenyewe ya TLS na haiazimi ya Windows, kwa hiyo inafaa sana kwa kipimo hiki: ikipita, umeshaondoa mtandao, ukuta wa moto na kompyuta yenyewe kwenye orodha ya washukiwa.

Sasa andika ripoti moja na uipeleke kwa kampuni zote mbili bila kubadilisha neno. Ifanane na hii:

> Tangu Jumatatu saa 08:10 (UTC+3), malipo yote kutoka mfumo wa mauzo kwenda seva ya malipo yanakataliwa. Mfumo wa mauzo unafungua muunganisho kwa TLS 1.0 (0x0301). Seva inajibu onyo 70 na kukata. Kompyuta hiyo hiyo ikitumia Firefox inaifikia seva hiyo hiyo kwa TLS 1.2 bila tatizo. Rekodi ya Wireshark imeambatishwa. Ripoti hii imetumwa kwa kampuni zote mbili, na namba ya tiketi ya upande wa pili iko hapo chini. Tunaomba kila upande ujibu swali moja: mnakubaliana na maelezo haya? Kama hamkubaliani, ni sentensi ipi isiyo sahihi?

Swali hilo la mwisho ndilo linalofanya kazi kubwa. Kusema "kwetu hakuna tatizo" ni rahisi. Kuonyesha sentensi yenye kosa kwenye ripoti iliyoambatana na rekodi ni kazi ngumu, na kwa kawaida fundi akiijaribu anaishia kuliona tatizo kwa macho yake.

Mambo mawili madogo yanayoharibu ripoti nzuri. La kwanza ni saa. Tiketi nyingi, yaani maombi ya msaada yaliyosajiliwa, husomwa na fundi aliye Bangalore au Dublin, na ukimwandikia "saa 2:10" ukimaanisha asubuhi yetu, atafungua logi za usiku wa manane na kukujibu kwamba hakuona kitu. La pili ni data za watu. Rekodi na faili za logi hubeba namba za simu za wateja, wakati mwingine hata funguo za siri za API, mlango ambao programu moja hupitia kuongea na nyingine. Zisafishe kabla ya kutuma. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na kuwa na haraka si utetezi.

Njia ya 1: wewe kuwa mjumbe

Unafungua tiketi mbili na kubeba majibu kutoka upande huu kwenda ule. Haina gharama ya ziada, haihitaji ruhusa ya mtu, na unaweza kuianza saa hii hii. Ndiyo njia ambayo karibu kila ofisi huanza nayo, na mara nyingi ndiyo inayotosha.

Inatosha pale ambapo upande mmoja una kosa linaloonekana. Kwenye mfano wetu upo: mfumo wa mauzo unatumia toleo lililostaafishwa. Marekebisho yenyewe ni madogo mno kuliko kelele zilizopigwa, yaani mstari mmoja wa msimbo unaoitaja TLS 1.2, au thamani moja kwenye rejista ya Windows (hifadhi ya mipangilio yake) iitwayo SchUseStrongCrypto. Ukiwa na ripoti ile, mtengenezaji mwenye nia njema anaweza kukuelekeza kwa simu siku hiyo hiyo.

Inapokwama ni pale tatizo linapohitaji watu wawili watazame kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi wa upande A anauliza swali ambalo ni fundi wa upande B tu anayeweza kulijibu, unalituma, jibu linakuja kesho, limezaa swali jingine. Wewe hapo umekuwa tarishi wa mambo usiyoyaelewa yote, na kila unapoyapeleka unayapunguza kidogo. Kipimo changu ni hiki: swali moja likienda na kurudi mara mbili bila kupata jibu kamili, acha ujumbe, hamia njia ya pili. Wengi wanang'ang'ania hapa wiki nzima kwa sababu kila siku inaonekana jibu liko karibu.

Njia ya 2: kuwakutanisha wao kwa wao

Hapa unajitoa katikati na kuwaacha mafundi wazungumze moja kwa moja. Kwa kampuni kubwa za dunia kuna utaratibu rasmi. TSANet, muungano usio wa faida uliopo tangu 1993, unaziwezesha kampuni wanachama, zikiwamo Microsoft, Cisco na Red Hat, kufunguliana tiketi zenyewe kwa zenyewe kwa niaba ya mteja wa pamoja. Wewe mteja huingii humo. Unamwambia fundi wako wa Red Hat, kwa mfano, kwamba tatizo linagusa pia bidhaa ya mwenzake na unaomba alipeleke kwa njia ya TSANet. Wateja wengi wanaolipia mikataba ya gharama kubwa ya huduma hawajui kwamba wanaweza kuliomba hilo.

Kwa kampuni za hapa kwetu, utaratibu halisi ni kundi la WhatsApp: fundi wa mfumo, fundi wa benki au wa malipo, na wewe. Silidharau hata kidogo. Kwa kasi halina mpinzani, na picha ya kioo chenye hitilafu inafika ndani ya sekunde. Udhaifu wake ni kwamba makubaliano yanazama chini ya salamu na maneno ya kujipongeza. Kila kinachokubaliwa humo kiandikwe kwa barua pepe jioni ile ile: nani anabadilisha nini, lini, na tutajuaje kwamba kimefanikiwa. Halafu angalia walioingizwa kwenye kundi ni akina nani. Ofisa mauzo ataahidi yote. Unayemtaka ni mtu anayeweza kufungua msimbo au logi za seva.

Watengenezaji wakizungumza wenyewe, suluhisho huwa bora kwa sababu linaweza kugawanywa. Mfano mzuri ni wa Firefox 65, iliyotoka mwishoni mwa Januari 2019. Antivirusi kadhaa, Avast na AVG zikiwamo, zilikuwa zikijiweka katikati ya kivinjari na tovuti za HTTPS ili kukagua yanayopita, na cheti chao hakikutambuliwa na Firefox hiyo. Watumiaji wa Windows wakafungua tovuti na kuonywa kwamba si salama. Mozilla ikasimamisha usasishaji wa moja kwa moja kwenye Windows. Avast ikatuma sasisho la kuzima ukaguzi huo kwa Firefox 65. Kisha, Julai mwaka ule ule, Firefox 68 ikaja na tabia mpya: ikigundua hitilafu ya aina hiyo, inajaribu vyeti vinavyoaminiwa na Windows yenyewe, na vikifaa inaendelea navyo. Kuna aliyezuia madhara yasienee, kuna aliyezima moto, kisha kukawa na tiba ya kudumu. Hakuna mteja ambaye angeweza kuyapanga hayo matatu kwa kupeleka tiketi huku na kule.

Lakini makubaliano ya wakubwa hayamaanishi kwamba wewe umesalimika. Januari 2018, Microsoft ilipotoa kinga dhidi ya udhaifu wa vichakato (CPU) uitwao Meltdown, iligundua kwamba baadhi ya antivirusi zilikuwa zikiingia kwenye kumbukumbu ya kiini cha Windows kwa njia zisizoruhusiwa, na kompyuta zingeanguka kwenye kioo cha bluu. Ikakubaliana na watengenezaji wa antivirusi kwamba kila mmoja aweke alama kwenye rejista kutangaza kwamba bidhaa yake iko tayari. Kompyuta isiyo na alama haikupata masasisho ya usalama. Kwa wao lilikuwa suluhisho safi. Lakini mwenye Windows 7 asiye na antivirusi kabisa hakuwa na wa kumwekea alama, na asipoiweka mwenyewe alibaki bila kinga. Kwa hiyo wakishamaliza kikao, uliza: je, kuna chochote ambacho mimi natakiwa kufanya kwenye kila mashine, na ikiongezwa mashine mpya mwakani, nani atakumbuka?

Njia ya 3: mmoja kubeba mzigo wa mwenzake

Wakati mwingine mwenye kosa hapatikani, hataki, au kampuni yake ilishafungwa. Mwenzake anaamua kuzunguka kosa hilo upande wake.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mchezo wa SimCity. Ulikuwa ukirudia kusoma kumbukumbu ulizokwisha kuziachilia, kosa ambalo kwenye Windows ya awali halikuonekana. Kwenye Windows 95 lingeuangusha mchezo. Microsoft ikaweka utaratibu maalumu: Windows ikitambua kwamba SimCity inaendeshwa, haichukui tena upesi kumbukumbu zilizoachiliwa. Mantiki yake haikuwa ya huruma. Mteja akisasisha Windows na mchezo ukafa, atailaumu Windows. Vivinjari vinafanya hivyo hadi leo. Andika about:compat kwenye Firefox uone orodha ya tovuti ambazo Mozilla imeziwekea viraka vyake, kila moja na sababu yake. Na kwenye Windows, ule ukurasa wa Compatibility unaoufikia kwa kubofya kulia programu ya zamani ni mlango wa kazi hiyo hiyo, ingawa hausaidii kitu kwa draiva, kwa kuwa viraka vyake haviingii ndani ya kiini cha mfumo.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti vya tovuti bila malipo. Vyeti vyake viliaminiwa na simu za zamani kwa kuegemea cheti mama cha IdenTrust kiitwacho DST Root CA X3, ambacho kingeisha 30 Septemba 2021. Simu za Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 hazikukijua cheti mama cha Let's Encrypt yenyewe, na takwimu walizozitoa mwishoni mwa 2020 zilionyesha kwamba 33.8% ya vifaa vya Android vilikuwa chini ya 7.1. Ukifikiria simu zinazouzwa kwa mkono wa pili Kariakoo au Luthuli Avenue, unajua ni akina nani wangefungiwa nje. Aliyepaswa kurekebisha, yaani kila mtengenezaji wa kila simu, hangefanya hivyo kamwe. IdenTrust ikakubali kusaini cheti cha Let's Encrypt kwa miaka mitatu zaidi, hata kupita uhai wa cheti chake chenyewe, kwa sababu Android haiangalii tarehe ya mwisho ya cheti mama kilichomo ndani yake. Simu zikaokoka.

Ila 30 Septemba 2021 ilipofika, seva na vifaa vilivyotumia OpenSSL 1.0.2, maktaba ya usimbaji, vilianza kukataa miunganisho, kwa sababu mnyororo ule mrefu uliowafaa Android uliishia kwenye cheti kilichokwisha muda, na OpenSSL hiyo haikujua kutafuta njia nyingine. Anayebeba mzigo wa mwenzake huwa anamwelemea wa tatu.

Kwenye mfano wa duka, njia ya tatu ingekuwa kuiomba kampuni ya malipo irudishe TLS 1.0 kwa ajili yako. Usiombe. Hata wakikubali, wamefungua dirisha la usalama kwa wateja wao wote ili mfumo mmoja usiguswe, na siku wakikaguliwa watalifunga bila kukupigia. Njia hii omba pale tu ambapo kinachobebwa hakimdhuru mwingine: jina la sehemu ya data lililobadilishwa, muundo wa tarehe, kikomo cha urefu wa ujumbe.

Njia ya 4: kiwango cha pamoja, au mpatanishi wa kati

Kuna matatizo ambayo hakuna mwenye kosa. Mfumo wa mauzo unahifadhi namba za simu kama 07XXXXXXXX, jinsi kila mtu anavyoiandika. Mfumo wa malipo unataka 2557XXXXXXXX. Ukipitisha orodha kwenye Excel njiani, ile sifuri ya mbele inayeyuka na unabaki na tarakimu tisa ambazo hazimfai yeyote. Ukifungua tiketi hapa utapata majibu mawili sahihi yasiyokusaidia. Kinachotakiwa ni wote wakubali kanuni moja, na ipo: E.164 ya ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, namba kamili yenye kodi ya nchi, tarakimu zisizozidi 15.

Fedha za simu Tanzania ni somo la njia hii kwa ukubwa wake. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilianza kuunganisha huduma zao ili mteja wa huku atume moja kwa moja kwenye pochi ya kule, na Vodacom ikaingia 2016. Yalikuwa makubaliano ya kampuni na kampuni. Kampuni nne zikiungana mbili mbili ni miunganisho 6. Zikiwa kumi ni 45, kila mmoja na majaribio yake, mkataba wake na fundi wake wa kupigiwa usiku. Ndiyo sababu ya kuwa na swichi moja ya katikati kama TIPS ya Benki Kuu ya Tanzania: kumi wanahitaji miunganisho kumi. Kwenye afya kazi hiyo hufanywa na programu kama OpenHIM ya Jembi, Afrika Kusini, inayokaa kati ya mifumo ya hospitali na mifumo ya takwimu kama DHIS2 na kuisikilizanisha.

Hata wapinzani wakubwa huifuata njia hii wanapochoka na viraka. Tangu Interop 2022, Apple, Google, Microsoft na Mozilla, pamoja na Bocoup na Igalia, hukubaliana kila mwaka sehemu za teknolojia ya wavuti ambazo vivinjari vyao vitazitendea sawasawa, na hupimwa hadharani kwa majaribio ya pamoja.

Njia hii ina polepole yake. Duka moja haliwezi kuitisha kikao cha kiwango. Linaloweza ni kuchagua bidhaa zilizokwisha kukubali kiwango kilichopo. Mfanyabiashara wa Kenya anayetafuta mfumo wa ankara, kwa mfano, anaweza kuanza na orodha ya waunganishaji walioidhinishwa na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa ajili ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki. Kuwemo kwenye orodha hakuhakikishi huduma nzuri, lakini angalau swali la kama mfumo unaongea na KRA limekwisha kujibiwa na mtu asiye muuzaji.

Na gundi ya nyumbani?

Fundi yeyote mzuri atakuwa ameshaiwaza: weka seva ndogo ya nginx au stunnel kati ya mashine ya mauzo na intaneti, ipokee TLS 1.0 ndani na kutoka nje kwa TLS 1.2. Kabla ya adhuhuri malipo yanapita, na hakuna mtengenezaji aliyesumbuliwa.

Ninaikubali kama ya dharura, na ninaiogopa kama ya kudumu. Sasa kila shilingi ya duka inapita kwenye boksi ambalo halimo kwenye mkataba wa mtu yeyote. Tatizo lijalo likitokea, kampuni zote mbili zitaliona boksi hilo na kukuambia liondoe kwanza ndipo tuzungumze. Na kijana aliyeliweka akihamia kazi nyingine, nywila imekwenda naye. Ukiiweka, ipe tarehe ya kuondolewa, iandike kwenye tiketi zote mbili, na usifunge tiketi kwa sababu tu malipo yamerudi. Mtengenezaji anapoona mteja ametulia, tiketi yako inashuka mwisho wa foleni.

Zikiwekwa bega kwa bega

| Njia | Inafaa lini | Kasi | Mzigo unabaki kwa nani |
|---|---|---|---|
| Kuwa mjumbe | Kosa liko upande mmoja na lina ushahidi | Siku chache | Mwenye kosa |
| Kuwakutanisha | Pande zote zinatakiwa kutazama pamoja | Wiki, au saa chache kama duka limesimama na kundi lina watu sahihi | Umegawanywa. Angalia kipande chako |
| Mmoja kubeba | Mwenye kosa hapatikani na kiraka hakidhuru wengine | Inategemea toleo lijalo la anayebeba | Anayebeba, mpaka achoke |
| Kiwango au mpatanishi | Hakuna mwenye kosa, au wahusika ni wengi | Miezi hadi miaka. Papo hapo ukinunua kilichokwisha kukubaliwa | Mwenye kiwango au swichi |
| Gundi yako | Dharura tu | Leo | Wewe |

Kwa ofisi ndogo yenye mifumo miwili mitatu, ushauri wangu ni kuanza na ya kwanza kwa ripoti kali, kuhamia ya pili mapema kuliko unavyodhani, na kuitumia gundi kununua muda tu. Hospitali, SACCOS kubwa au taasisi yenye mifumo sita au zaidi inayobadilishana data haina haja ya kujadili: kila shilingi inayotumika kuunganisha mfumo mmoja na mwingine moja kwa moja ingefanya kazi zaidi kwa mpatanishi wa kati. Na mwenye programu iliyotengenezwa na kampuni ambayo haipo tena ana njia ya tatu pekee, huku akitafuta mbadala.

Wakikataa kabisa

Yupo mtengenezaji ambaye hatatoa nyaraka za API, hatakutana na mwenzake, na hatakwambia kwa nini. Samba, programu inayoziwezesha mashine za Linux kushirikiana mafaili na printa na Windows, iliishi katika hali hiyo kwa zaidi ya miaka kumi. Andrew Tridgell wa Australia na wenzake walijifunza itifaki za Microsoft kwa kusikiliza pakiti zinazopita kwenye waya. Machi 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo ya itifaki hizo. Mahakama ikaunga mkono Septemba 2007. Desemba mwaka huo wakfu uliosimama kwa niaba ya Samba ukalipa euro 10,000 na kupewa nyaraka. Samba 4.0 ya Desemba 2012 ilijengwa kwa kutumia nyaraka hizo, na Microsoft yenyewe ikasaidia kupima. Wapinzani wanaweza kugeuka washirika. Ila hesabu miaka iliyopita, na uone kama duka lako linaweza kuisubiri.

Nguvu yako wewe iko kabla ya kusaini, wakati bado wanakutaka. Hapo omba mambo manne yaandikwe. Kwamba toleo la zamani la API au la usalama halitafungwa bila taarifa ya maandishi ya siku 90. Kwamba kuna mazingira ya majaribio ambayo mtengenezaji wa upande wa pili ataruhusiwa kuyatumia bila malipo. Kwamba tatizo likigusa kampuni mbili, kampuni iliyotajwa kwa jina ndiyo itakayoliongoza mpaka liishe, hata kama kosa ni la mwenzake. Na kwamba utapewa data yako yote, katika muundo unaofunguka bila programu yao, ndani ya siku saba za kuiomba. Hilo la nne lijaribu mapema, mwezi wa pili wa mkataba, kabla hujawa na sababu ya kuondoka: omba nakala, ifungue kwenye kompyuta isiyo na programu yao, na uhesabu kama miamala iliyomo inalingana na iliyo kwenye mfumo.